Mlio

Miaka kumi na minane Famau amefunga kripsi za watu,
zamu ya usiku, kiwanda cha upande wa kaskazini, Leicester.
Alirudi alfajiri na harufu ya viazi kwenye kofia
na mfuko wa zile zilizovunjika, bei ya wafanyakazi,
tukala kitandani, gizani,
kama panya wa ghalani.

Mwezi wa Februari nesi Siobhan alimgeuzia skrini.
Namba moja, nyekundu.
Famau akatazama viatu vyake.
Kwenye basi, vioo vimejaa ukungu wa pumzi za watu,
aliniuliza jambo moja tu:
“Na kripsi?”

Wanasema mumunye huharibikia ukubwani.
Kongosho nalo, kumbe.

Mimi sikulia. Nilikwenda sokoni.
Nikampita kiazi sukari bila salamu,
maana jina lake limejishitaki lenyewe.
Karoti, alisema nesi, kwa kiasi.
Nikachukua mamumunye manne machanga,
fungu moja la figili,
na sukuma wiki, ambayo huku huuzwa ndani ya mfuko wenye picha,
imeshakatwa, vikonyo vigumu vimo humo humo,
utadhani aliyeikata ananidai.

Siku ya kwanza nilikata nene.
Zikatoka zimelegea kama soksi zilizonyeshewa.
Famau akala mbili kwa adabu,
ile adabu ya mtu anayekula ukweni.
Siku ya pili nilirefusha sala ya isha,
sukuma wiki ikawa majivu, king'ora cha moshi kikapagawa,
na jirani yetu, Bwana Hargreaves, akabisha hodi
na taulo bichi mkononi.

Siku ya tatu nikaelewa: adui ni maji,
moto umesingiziwa.
Kata nyembamba mpaka uone kidole chako upande wa pili.
Tia chumvi, ngoja, liache mumunye litoke jasho
kama msafiri anayehojiwa uwanja wa ndege,
kisha likaushe kwa kitambaa, kwa kiganja, kwa uzito wa mwili.
Mafuta kijiko kimoja.
Bizari nyembamba, pilipili manga.
Moto mdogo, na mlango wa tanuri uuegeshe kwa mwiko
mvuke upate pa kutokea.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
lakini tanuri yetu iko chini na goti langu la kulia limegoma.
Basi nikaketi sakafuni saa nzima na robo,
uso kwa uso na kioo,
nikitazama viduara vikijikunja kingo
kama masikio ya mtu anayesengenywa.
Nilikumbuka kwamba sijawahi kumuuliza Famau
usiku kucha mbele ya mashine ile anawaza nini.

Alifika saa kumi na mbili kasoro. Mvua. Kofia. Harufu ile ile.
Nikamsogezea bakuli.
Akachukua moja, akaiinua kwenye taa
kama anavyokagua za kazini, akitafuta doa,
na mwanga ukapita katikati yake, kijani.

Ka.

Akachukua nyingine. Macho kayafumba.
“Hazina ladha ya viazi,” akasema.
Nikanyamaza, natoa kikonyo kwenye jino.
“Lakini zinalia.”

Kumbe miaka yote ile si chumvi aliyoizoea,
ni mlio.

Saa mbili baadaye tulitoboa kidole.
Namba sitaitaja. Haikuwa nzuri,
na haikuwa ile ya Februari.
Amelala sasa, pazia limefungwa, mchana mweupe huko nje,
nami nakung'uta shuka,
unga wa kijani, chembe za bizari,
panya wawili wazee, na ghala lao jipya.